Kengele Uliyoipa Jina la Yusufu

Ngagara, Kartiye ya Tano, Bujumbura.
Alhamisi, baada ya swala ya alasiri.

Mwanangu Salima,

Leo nimetimiza miaka ishirini na saba, miezi minne na siku tisa nje ya Kasongo, mji wetu ng'ambo ya ziwa. Nimehesabu tena asubuhi, ingawa jibu nilikuwa nalo.

Uko Kinanira unaaga rafiki zako. Sanduku lako liko karibu na mlango, na kompyuta yako iko mezani mbele yangu, imefungwa. Barua hii nitaiweka juu yake, ili usiweze kuifungua mashine kabla ya kuisoma. Mambo ya chandarua, maji ya kuchemsha na simu ya kila Ijumaa tumeshayasema, na unayajua kuliko mimi. Kuna jambo moja tu ambalo hatujawahi kulisema, na huwezi kwenda kuanza kazi ile Kindu bila kulijua.

Jumapili ulinionyesha programu yako. Ulivuta kiti kibarazani, ukaniwekea mashine magotini, ukasema, "Papa, shika vizuri. Ukiangusha hiyo, mi siendi popote." Nikakujibu, "Basi ngoja niangushe sasa hivi." Ukacheka, nami nikacheka, lakini sikuwa natania sana.

Ilitokea ramani ya kwetu: Kasongo, mto Luama, milima, hadi ziwani. Niliitambua kabla sijasoma jina hata moja. Ukanieleza taratibu, kama nilivyokuwa nikikueleza jiografia ulipokuwa mdogo. Kila mahali panapojulikana kuwa na silaha umechora duara jekundu, na kutoka katikati hadi ukingo wa duara ni umbali ambao risasi inaweza kufika. Programu inapima ndege itakaa sekunde ngapi ndani ya kila duara, itaruka juu kiasi gani, na kama mafuta yatatosha. Kisha inajaribu maelfu ya njia na kubakiza moja tu, yenye hatari ndogo kuliko zote. Ulibonyeza, na mstari wa kijani ukajipenyeza kati ya maduara, ukapinda huku na kule, ukafika ng'ambo bila kugusa hata moja. Ndege za misaada zitafuata mistari hiyo, na watu watafika wazima. Nilijivunia wewe kwa dakika nzima.

Halafu ukanionyesha kengele. Ulisogeza ndege ndogo nje ya mstari, mashine ikalia, na neno moja jekundu likatokea: YUSUFU.

"Yusufu ni nini?" nikauliza, ingawa nilishajua.

"Si ule rubani, Papa. Mwenye aliacha njia yako. Sasa rubani akitoka tu kwenye mstari, inalia mpaka arudi. Mutu hatakufa tena juu ya kichwa ngumu ya rubani."

Nikasema, "Kazi nzuri, mama." Nikakurudishia mashine, nikaingia ndani, nikawa nafungua na kufunga kabati. Ukaniuliza natafuta nini. Nikasema miwani. Ukapaza sauti kutoka kibarazani: "Papa, miwani iko kwenye uso yako!"

Salima, Yusufu hakuacha njia.

Bibi Zuhura ni mama yake, hilo unalijua. Unajua pia kwamba ndiye aliyetupa chumba nyuma ya duka lao tulipokuwa hatuna pa kulala, na umemwita bibi tangu ulipoanza kusema. Lakini mwanawe hukumfahamu, kwa sababu niliacha afahamike kwa jambo moja tu, nalo ni la uongo. Yusufu alikuwa kijana mwembamba aliyekunja mikono ya shati hadi juu ya kiwiko. Alibeba kopo la halua la mama yake katika kila safari, akagawa kwa yeyote aliyemkuta uwanjani, hata kwa askari waliomsumbua. Aliniita Mwalimu, maana hiyo ndiyo kazi niliyokuwa nayo kabla ya vita. Akishika ramani yangu alisema, "Mwalimu, mstari wako umepinda kuliko mwandiko wa daktari." Kisha aliufuata.

Kampuni yao ilikuwa na ndege mbili ndogo, na leo haipo tena. Waliniajiri kwa sababu nilivijua vilima, na kwa sababu nilikuwa hodari wa fonia, ile redio ya masafa marefu ambayo wakati huo ndiyo ilikuwa simu yetu. Kazi yako ya leo mimi niliifanya kwa penseli, bikari na uzi. Kila asubuhi niliita vijiji vyenye fonia, kimoja baada ya kingine, nikauliza hali. Wakanijibu: kimya, au jana walipiga, au wamehama. Nikachora maduara, nikanyoosha uzi, nikaupindisha, nikachora mstari.

Lakini nilikuwa na desturi moja ambayo sikuijua kuwa ni sehemu ya kazi. Nilipenda kupiga porojo. Niliuliza bei ya muhogo kwenye kijiji ambako ndege haitapita hata kwa mbali, nikauliza harusi ya fulani ilikuwaje, nikamtania mtu juu ya mbuzi wake aliyekula shuka la msikitini. Swali la bunduki lilikuwa moja katikati ya maswali ishirini. Watu wenye bunduki nao walikuwa na redio, wakasikiliza kila neno, wasipate kujua ndege itapita wapi. Kwa miezi kumi na moja hakuna ndege yetu iliyorudi na tundu. Nilidhani ni akili ya mstari wangu.

Ndipo wewe ukashikwa na homa. Ulikuwa na miaka mitatu. Yusufu akatuchukua mimi na wewe Jumatatu, tukaja Bujumbura, ukalazwa. Mama yako Mwamini alibaki kufunga nyumba na kugawa kuku wake kwa majirani. Nilimwambia aache kuku, apande. Akasema, "We tangulia na mutoto. Mi siwezi kufungia kuku njaa. Alhamisi nitakuja na Yusufu." Hayo ndiyo maneno ya mwisho aliyoniambia tukiwa tumesimama mahali pamoja.

Alhamisi alfajiri nilikaa kwenye fonia ya kampuni, huku uwanjani Bujumbura. Asubuhi ile sikuwa na porojo. Mstari nilikuwa nimeshauchora usiku kucha, nikaufuta, nikauchora tena. Niliita vijiji vinne tu, vile vilivyokuwa chini ya mstari, kwa mpangilio wake, kutoka Kasongo kuja mashariki. Sikuuliza muhogo wala harusi. Nilipomaliza nikaanza upya, nikawauliza walewale wanne mara ya pili. Na kona ya mto Luama, ambako nilikuwa na wasiwasi, nikauliza mara ya tatu.

Mtu yeyote aliyekuwa akisikiliza angeweza kuchukua kijiti akauchora mstari wangu mchangani.

Baada ya swali la tatu ikaingia sauti ambayo sikuwahi kuisikia. Ilikuwa sauti ya mtu mwenye adabu. "Salamu aleko, Mwalimu. Hapa kwenye kona ya mto ni salama kabisa. Waache wapite."

Nikajibu, "Aleko salamu. Mungu akubariki, ndugu yangu."

Sikumuuliza jina. Amenisalimu vizuri, ameniita Mwalimu, nikaona haya kumuuliza yeye ni nani. Nimesoma vitabu vingi tangu siku ile, Salima, vingine vya watu walioipoteza nchi nzima kwa kosa moja, na sijakuta kosa dogo kama hilo.

Yusufu alikuwa amesikia. Akaniita kutoka kwenye ndege, bado yuko chini Kasongo. "Mwalimu, ile sauti mi siijui. Nataka kupita kaskazini, juu ya msitu. Mafuta inatosha."

"Apana," nikasema. "Kaskazini sikuuliza. Fuata mstari."

"Mwalimu, roho yangu haitulii."

"Yusufu, mke wangu yumo humo. Fuata mstari."

Kisha akasema, na nilisikia kwamba anatabasamu ili kunituliza, "Sawa, Mwalimu, nafuata. Na Mama Salima anasema kuku wote amegawa, lakini jogoo mwekundu anakuja naye. Muandae kamba."

Nilikwenda kutafuta kamba. Niliipata, nikaiweka kwenye meza ya fonia, nikasubiri hadi adhuhuri. Jioni kijiji cha jirani na kona ya mto kikasema ndege imepigwa kutoka kwenye majani ya ukingoni, na kwamba hakuna aliyepona.

Mkubwa wa kampuni aliniuliza mbele ya watu, "Njia yako ilikuwa salama?" Nikasema, "Njia ilikuwa salama. Labda rubani aliiacha." Hilo "labda" halikufika hata kesho yake. Ilipofika Jumamosi mji mzima ulijua kwamba Yusufu alikuwa na kichwa kigumu, na Jumapili Bibi Zuhura, ambaye naye alikuwa na msiba wake, akaja hospitalini na sufuria ya wali. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Ni kweli mwanangu aliacha njia?" Nikatazama sufuria. Nikasema, "Kidogo, Mama." Akalia, akaniomba msamaha, na usiku uleule akatupeleka kwake.

Kinachofuata ulikiona kwa macho yako, ila hukujua unachokiona. Kila Idi alikuketisha kwenye mkeka, akakupa sahani ya kwanza ya halua, akauliza, "Salima, umemusamehe mwanangu?" Ulipokuwa na miaka mitano ulijibu "Nimemusamehe, Bibi," mdomo umejaa. Ulipokuwa na kumi na tano ulikataa, ukaingia chumbani, ukabamiza mlango. Naye akabaki kwenye mkeka, mama mtu mzima wa umri ule, akisubiri hadi utoke. Ulitoka baada ya saa nzima. Muda wote huo nilikuwa nimekaa pale, nakunywa chai yake.

Na sikuwa na kisingizio cha kutojua. Miezi mitano baada ya ajali, mchuuzi mmoja anayetembeza bidhaa kwa baiskeli aliniletea karatasi iliyookotwa kwenye mabaki. Ilikuwa karatasi ya safari ya Yusufu. Rubani huandika juu yake kila mahali anapopita na dakika aliyopita, kisha hutia alama. Nililinganisha na ramani yangu. Hakuwa amepotea hata kwa upana wa penseli. Nikaikunja mara nne, nikaificha ndani ya atlasi, ileile uliyojifunzia mabara.

Ulipochagua hesabu, nilinyamaza. Ulipochagua hesabu za njia za ndege, nilinyamaza. Ukaniambia unataka kutengeneza kitu ambacho rubani hawezi kukiasi, na mimi nikakuchemshia chai ili usilale. Kazi yako yote umeijenga juu ya neno langu lile moja la hospitalini. Jumapili, kengele ilipolia, nilielewa kwamba sasa halitaishia kwetu. Rubani wako ataona moshi, au atasikia sauti asiyoijua, atataka kupinda, na mashine yako itamlilia hadi arudi kwenye mstari. Itamwambia nilichomwambia Yusufu.

Nilitaka kukuambia Jumatatu, tukiwa sokoni. Nilitaka Jumanne. Jana usiku nilisimama mlangoni kwako, ukasema, "Papa, we leo unatembea kama mwizi," nikarudi. Leo asubuhi nikaona kwamba wewe huwezi kuwa wa kwanza kuambiwa. Nilitoa karatasi kwenye atlasi, nikaenda kwa Bibi Zuhura.

Alikuwa amekaa mahali pake nyuma ya duka, miguu imefunikwa kwa kanga. "Mwalimu, mbona kanzu? Leo si Ijumaa," akasema. Nikapiga magoti mbele yake na kuifungua karatasi juu ya kanga. Macho yake hayaoni vizuri sasa, lakini aliisogeza karibu na uso, akapitisha kidole juu ya tarakimu.

"Huu ni mwandiko wa Yusufu," akasema. "Saba yake ina mkanda tumboni. Umeipata wapi?"

Nikamwambia. Nilimwambia yote niliyokuandikia hapa, pamoja na ile sauti ya fonia na jibu nililoipa. Hakunikatiza. Nilipomaliza akanyoosha karatasi kwa kiganja, akanirudishia.

"Soma."

"Uwanja wa Kasongo, saa mbili na dakika kumi."

"Alikuwa njiani?"

"Alikuwa njiani, Bibi."

"Soma."

"Daraja la chuma, saa mbili na dakika kumi na saba."

"Alikuwa njiani?"

"Alikuwa njiani."

"Soma."

"Kilima chenye upara, saa mbili na dakika ishirini na tano. Alikuwa njiani, Bibi. Kisha kona ya mto, saa mbili na dakika thelathini na tatu. Hapo ameandika dakika, lakini alama hakutia."

Akaichukua karatasi mkononi mwangu. Mbele dukani mtu alikuwa akibishania bei ya sabuni. Kisha Bibi akasema, bila kupandisha sauti, "Kila Idi mi nilimuomba ule mutoto samahani."

"Ndiyo, Bibi."

"Na we ulikuwa hapo, unakunywa chai yangu."

"Ndiyo, Bibi."

"Toka."

Nilisimama. Nilipofika kwenye pazia akaniita. "Mwalimu. Karatasi inabaki. Macho yangu haisomi, na hawa watoto wa hapa hawajui ile barabara ya Yusufu. Kesho uje unisomee tena. Saa mbili."

"Kesho Salima anasafiri, Bibi. Ndege yake ni saa mbili na nusu."

"Mi nimesema saa mbili."

Hayo ndiyo yaliyotokea leo. Sasa nikuambie kidogo kuhusu kazi, kwa sababu hiyo ni lugha ambayo bado nadhani utakubali kunisikiliza.

Ondoa jina lile. Lakini hata ukiliondoa, kengele bado ina kosa. Rubani akitoka kwenye mstari, mashine isimkemee. Imuulize ameona nini, kisha imchoree njia mpya kuanzia pale alipo. Aliye angani anaona vitu ambavyo sisi wa mezani hatuna, na Yusufu alikuwa na kitu kimoja ambacho sikuwa nacho: alijua kutilia shaka sauti nzuri.

Na ule mstari wa kijani, ulio bora kuliko yote, uuogope. Ulio bora ni mmoja tu, na mtu mwenye akili aliyekaa chini na ramani kama yako anaweza kuupata pia, akausubiri. Bakiza njia ishirini zinazokaribiana kwa usalama, kisha uchague moja kwa bahati nasibu asubuhi ya safari. Ukihitaji habari za kona moja ya mto, uliza za kona kumi. Uliza na za harusi. Siku utakapokuwa na mtu unayempenda ndani ya ndege, mpe mwenzako penseli na utoke chumbani, maana siku hiyo utauliza mara tatu.

Sikuombi unisamehe. Neno hilo nimeliona likiombwa na mtu asiyestahili kuliomba, mwaka hadi mwaka, na sitaki kulitumia. Ila kabla hujaondoka, kama utapata nusu saa, pita kwa Bibi Zuhura mapema, kabla yangu. Usimwambie kitu. Kaa naye tu kwenye mkeka.

Kesho alfajiri nitakuwa jikoni nachemsha chai. Ukitaka kuniaga, ingia. Usipotaka, chukua sanduku lako upite, sitatoka kukufuata. Uwanjani sitakupeleka. Ndege yako itapita juu ya mashamba ya mpunga ya Buterere na kugeukia ziwani, na kwa upepo wa msimu huu sauti yake itafika hadi nyuma ya duka. Nitakuwa nimepiga magoti, nasoma. Nitaisikia, na nitaendelea kusoma.

Kile kiti ulichonishikia kwenye ndege, ili twende wote hadi Kasongo, mpe mtu mwingine. Najua umehangaika kukipata, na najua ulitaka nikuonyeshe nyumba yetu na banda la kuku. Ukifika Kasongo, mtu yeyote atakuonyesha. Watakupa pole kwa mama yako, kisha watamtaja rubani. Utakalowajibu ni lako. Mimi wangeniweka mbele, kwenye kiti cha mfiwa, na nimekikalia vya kutosha.

Bibi Zuhura hakusema nije kumsomea mara ngapi. Nitakuwa hapa kila atakaponiita, na asiponiita nitakuwa hapa pia.

Kasongo sitarudi.

Baba yako